Magunzi Kisimani

Kama una sahani mkononi, msikilizaji wangu, maliza kula kwanza. Osha mikono, kaa vizuri, halafu tuongee. Ninayotaka kukueleza yanahusu choo na maji ya kunywa, na sitayazungusha, kwa sababu muda wote ule watu waliyazungusha mbele yangu kwa adabu nzuri kabisa, na adabu hiyo ikamuumiza mwanangu tumbo. Usiogope. Nitakwenda polepole.

Niliolewa kwenye kitongoji kilicho kati ya Butiama na ziwa. Mimi nilikulia Kitaji, mjini Musoma, ambako ukikohoa usiku jirani anakuuliza kupitia ukutani kama umekunywa dawa. Kule nilikoolewa, jirani wa karibu alikuwa moshi tu. Asubuhi unatazama upande wa pili wa mashamba, unaona moshi umepanda, unasema, haya, wameamka salama. Kati yetu na moshi ule palikuwa na muhogo, mtama, vichaka vya miiba na mawe. Mawe ya Mara ukiyaona hutayasahau: makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandiana, mengine yamelala bapa kama sakafu. Watu walikuwa wachache kiasi kwamba mawe yalitosha kila kazi. Jiwe bapa la chini lilikuwa la kuanikia makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukakaushwa kwa ajili ya unga wa ugali. Jiwe lingine lilikuwa la kukalia wakati wa kungoja ng'ombe. Na chini ya mwamba mrefu kuliko yote ndipo yalipotoka maji yetu.

Tulipaita kisimani, ingawa hapakuchimbwa na mtu. Maji yalijitokezea yenyewe kwenye ufa wa mwamba, yakajaa kwenye duara la mawe lililojengwa na wazee, kisha yakamwagikia bondeni ambako ng'ombe walikunywa. Yalikuwa ya baridi hata jua likiwa kali. Siku ya kwanza kuyanywa niliwaambia ndugu zangu kwa simu kwamba nimepata maji matamu kuliko ya bomba. Nikikumbuka sentensi hiyo, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Nyumbani tulikuwa wachache. Alikuwepo baba mkwe, mzee mrefu, mkimya, msafi kupita kiasi, anayepiga pasi shati la kanisani mwenyewe kwa pasi ya mkaa. Alikuwepo mama mkwe, ambaye hakuwa mkimya. Nilikuwepo mimi, na baadaye binti yangu. Mume wangu alikuwa mvuvi, akikaa kambini kisiwani Rukuba kwa majuma, akirudi na dagaa, na sangara wa kukaushwa, na nguo zinazonuka hadi mbuzi wanageuka.

Sasa nikueleze habari ya mkwe, maana bila hiyo hutanielewa. Kule, mke wa kijana na baba wa kijana wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawali sahani moja wala hawakai mkeka mmoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwingine apite. Akitaka kuniambia jambo, alimwambia mama mkwe nami nikiwa pale pale nasikia, au mtoto alipozaliwa, alimwambia mtoto. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako mbuzi yuko kwenye mihogo." Mtoto hata kukaa hakuweza, lakini ujumbe ulifika. Mjini nasi tuna heshima hiyo, ila vyumba vya kupanga vimeipunguza. Kule ilikuwa nzima, na nakuambia kweli, niliipenda. Nilijiona nimelindwa.

Na choo kilikuwepo. Hilo nataka ulishike. Kabla sijaletwa, mzee alisema bibi harusi wa mjini hawezi kuja kuchutama vichakani, akachimba shimo yeye mwenyewe, akajenga kuta za matofali ya udongo, akaezeka bati, akaweka mlango wenye komeo ndani. Nyumba nyingi za kitongoji kile hazikuwa nacho. Watu walisema, pori lote hili, choo cha nini? Mimi nikakitunza kile choo kama sebule. Nilifagia kila asubuhi, nilimwaga majivu shimoni, niliweka jagi la plastiki la kijani mlangoni kwa ajili ya kunawa. Jagi lile lilipotea upesi sana baada ya harusi. Nikasikitika kidogo, nikaweka kopo.

Mwanangu alipoacha kunyonya, tumbo likaanza. Kwanza tulisema ni meno. Meno yakatoka yote, tumbo likaendelea. Aliharisha, akapona, akaharisha tena, hasa mvua ikinyesha. Miguu yake ikawa myembamba, macho yakawa makubwa, na kile kicheko chake cha mpaka apige magoti chini kikaisha. Nilimbeba hadi zahanati. Muuguzi, dada mmoja mpole, akaniuliza kama tunacho choo. Nikamjibu kwa kujivuna kwamba tunacho, kizuri, cha bati. Akauliza kuhusu maji. Nikamwambia tunakunywa ya chemchemi, yanatoka kwenye mwamba. Akaniambia nichemshe hata hivyo. Nilichemsha. Lakini mtoto wa boma hanywi jikoni kwa mama yake peke yake. Bibi yake alikuwa na mtungi wake wa maji ya baridi yasiyochemshwa, na kata yake ya kuchotea, na mapenzi yake, na huwezi kumwambia bibi kwamba maji yake hayafai huku ukiwa huna sababu mkononi.

Sasa nakuja kwenye magunzi. Unajua gunzi: ni kile kinachobaki hindi likipukuchuliwa. Kisimani, kila baada ya mvua, nilikuta magunzi yakielea. Mengine yamekwama kwenye mawe ya duara, mengine yamejaa maji kama sifongo. Mama mkwe akiyakuta aliyachukua kwa ncha za vidole, akayarusha bondeni, akaendelea kuteka. Mimi nilidhani ni wachunga ng'ombe wanaochoma mahindi pale juu na kutupa hovyo. Na kwa kuwa kuni zilikuwa shida, na mimi nimelelewa kutotupa kitu, niliyaokota. Niliyaanika kwenye mawe ya jiko, yakikauka nikawashia moto. Yanawaka vizuri sana. Kwa magunzi yale nilimpikia mwanangu uji.

Pumzika kidogo hapo ukitaka. Mimi nilipojua, nilihitaji zaidi ya kupumzika.

Nilijua hivi. Ulikuwa msimu wa kuvuna muhogo, na jiwe letu la kuanikia lilijaa. Wingu lilikuwa limekaa upande wa ziwa na nilitaka makopa yapate jua la mchana huo. Juu ya mwamba wa kisima niliona pamelala bapa, pakavu, panang'aa. Siku zote mama mkwe alinikataza kupanda kule. Alisema kuna nyoka, tena wa kutema mate. Siku hiyo alikuwa hayupo karibu. Nikachukua fimbo, nikajitwika ungo wa makopa, nikapanda nikigonga mawe ili nyoka wanisikie.

Sikuona nyoka. Kwanza nilisikia inzi. Halafu ikaja harufu, ile harufu nzito yenye utamu ndani yake, inayokushika nyuma ya ulimi. Nilizunguka jiwe moja, nikatokea kwenye upenyo kati ya miamba miwili, mahali penye kivuli, pazuri kwa kweli, mtu angeweza kupaita chumba. Palikuwa na mawe mawili yamewekwa sambamba, yamelainika juu kwa kukanyagwa. Kando, kwenye tundu la mwamba, magunzi safi yalikuwa yamepangwa safu kama mkate dukani. Karibu yake, juu ya jiwe dogo, lilikaa jagi la kijani. Jagi langu. Lina maji nusu.

Kati ya yale mawe mawili mwamba ulikuwa umepasuka, na ndani ya ufa ule ndimo kila kitu kilimoingia. Sitaki kukupambia. Kulikuwa kumejaa kinyesi. Juu kilikuwa kibichi, chini kimeshikana na kukauka na kugeuka rangi ya udongo, na katikati magunzi yaliyokwisha kutumika kujifutia yamechomoza kama vidole. Inzi wa kijani walikuwa wamefunika hadi pamekuwa kama panatikisika. Baadhi yao waliinuka wakaja kukaa kwenye ungo wangu, juu ya makopa meupe, wakawa wanasugua miguu yao.

Nilikuwa bado nimesimama pale niliposikia sauti ya kata ikigonga ndoo. Iligonga chini ya miguu yangu, karibu kana kwamba iko chumba cha pili. Mama mkwe alikuwa chini kisimani anateka maji, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Sauti yake ilipanda kupitia kwenye ufa. Ndipo nikaelewa ufa ule unaishia wapi.

Nilitapika. Nilitapika uji, nikatapika maji, na nilipokuwa nimeinama nikaona hata matapishi yangu yanatambaa juu ya jiwe kuelekea kule kule. Makopa yote niliyamwaga upande wa pili wa mwamba. Nilirudi nyumbani nikasugua mikono kwa sabuni na majivu mpaka ngozi ikawasha, halafu nikasimama, maana maji niliyonawia niliyateka asubuhi pale pale kisimani.

Nani alilipandisha jagi lile, sikuwa na haja ya kuuliza. Kitongoji kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kupanga magunzi safu, na kupanda na maji ya kunawa. Kwa usafi wake ule, mzee alikuwa ananawa mikono vizuri juu ya ufa, na maji ya kunawa yakiteremka kwetu. Jioni hiyo alikaa kwenye kigoda chake uani, akavua kofia, akaomba kwa sauti ili nasi tuliokuwa jikoni tusikie, akimwomba Mungu abariki chakula hiki na maji haya. Nilisema amina nikiwa nimebana midomo.

Kesho yake tulikaa na mama mkwe tukimenya muhogo. Nilimwambia kwamba nimepanda juu ya kisima na nimeona jagi.

"Jagi gani?"

"Lile la kijani, mama."

Kisu chake hakikusimama. Alicheka bila kufungua mdomo. "Kumbe nyoka huwaogopi, mkamwana."

Nikamwambia maji yale ndiyo tunayokunywa. Akasema ndiyo, tunakunywa na bado tupo. Nikamwambia mtoto anaumwa. Akasema ni meno. Nikamwambia meno yapo yote mdomoni, yahesabu. Hapo akamenya muhogo mzima, akauweka kwenye beseni, kisha akanigeukia.

"Ulitaka aingie wapi? Pale unapoingia wewe? Akukute unatoka umeshika khanga? Yule bora afe. Anaendaga kule tangu siku ulipoletwa. Choo alichimba chako, siyo chake."

Hebu tazama jambo hili nami. Mzee alichimba choo kwa kuniheshimu. Nilipoingia mle mara ya kwanza, mlango wake ukafungwa kwake milele, kwa kuniheshimu vile vile. Hakuna mtu aliyeniambia, kwa sababu kuniambia kungekuwa kunivunjia heshima. Na kitongoji kizima kilijua. Watu ni wachache, pori ni kubwa, na kila mtu mzima ana jiwe lake. Anayepita anajua hapa ni kwa fulani, anakata kona. Mimi peke yangu, niliyekuwa na choo, ndiye niliyekuwa sijui.

Kabla hatujainuka niliuliza habari ya magunzi niliyokuwa nayaokota na kuwashia moto. Mama mkwe alikiri kwamba aliniona.

"Nikashangaa," alisema. "Nikasema, labda mjini hawachaguagi kuni."

Alicheka hadi akafuta machozi kwa mkono wenye maganda. Mimi sikucheka. Nimejaribu tangu wakati ule, na bado siwezi vizuri.

Nilimwuliza uchafu ule unaenda wapi mvua ikinyesha. Alisema mvua inasafishaga. Nikamwambia inasafisha juu, ni kweli, lakini maji yana mahali yanapokwenda. Hapo nilimwona ametazama upande wa kisima. Mvua ilinyesha usiku uleule. Asubuhi alikwenda kuteka kabla yangu, na kutoka jikoni nilimwona akirudi taratibu, ndoo ikimgonga mguu. Ilikuwa tupu. Aliifunika kifudifudi kibarazani, akachukua nyingine kubwa, akashika njia ndefu ya kisima cha upande wa ule moshi. Sikumwuliza alichokiona.

Sasa tulikuwa wawili tunaojua kwamba maji yale ndiyo yanayomuumiza mtoto, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema. Mimi nisingeweza, kama ungekaa kule ungejua hata kulifikiria ni aibu. Mama mkwe angeweza, lakini alinionya. Alisema mzee akijua kwamba mkamwana wake amesimama pale juu na kuona, hatalala boma moja nami tena. Atakwenda kwa mwanawe mwingine, Bunda, kule Kabasa, akajikunje kwenye chumba cha uani mpaka Mungu amchukue. Na watu watasema kafukuzwa na mke wa mwanawe. Kwa hiyo upande mmoja kulikuwa na tumbo la mwanangu, ambaye alikuwa anazidi kukonda, na upande wa pili kulikuwa na uso wa mzee. Nilianza kufunga nguo za mtoto nimpeleke kwa mama yangu Kitaji. Mama mkwe alikaa juu ya begi, kweli alilikalia, akasema nimngoje kwanza mume wangu.

Mume wangu alirudi ananuka kambi. Nilimweleza nyuma ya nyumba. Alisikiliza akitazama viatu. Nilipofika kwenye ufa alishika mdomo, na nilipofika kwenye uji wa mtoto alikwenda kutema mate kwenye ua wa minyaa.

"Sasa mimi nikamwambie baba nini?" aliuliza.

"Usimwambie. Chimba."

Alichagua mahali upande wa pili wa boma, nyuma ya ua wa minyaa, chini kabisa kuliko kisima, penye njia yake isiyopita jikoni. Akaanza kupiga sururu. Mzee alikuja akasimama, mikono nyuma, akauliza shimo hilo ni la nani. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, siku hiyo alipata maneno. Alisema ni la wageni wa kiume. Wavuvi wenzake kutoka Rukuba wakija kumtembelea wasichanganyike na wanawake.

"Wageni gani?" mzee aliuliza.

"Watakuja."

Mzee aliangalia shimo, akaondoka. Tukafikiri basi. Alirudi na mtaimbo, akavua shati, akaanza kulegeza mawe upande wake, baba na mwana wakachimba mpaka jua likawa juu. Waliendelea hivyo hadi shimo likawa refu kuwazidi. Likafunikwa kwa magogo, likajengewa, likaezekwa nyasi.

Nami nikafanya kosa. Nililifanya kwa moyo mweupe, na nadhani ni mtu wa kule tu anayeweza kuliona ni kosa. Sakafu ilikuwa bado udongo mbichi. Nikakoroga samadi na majivu, nikaingia, nikaisiriba kwa mikono yangu mpaka ikawa laini kama kigae, nikachora na mistari ya vidole pembeni. Nilitaka kipendeze.

Asubuhi zilizofuata nikiwa jikoni nilitazama, na ni aibu kukuambia kwamba nilikuwa nachungulia mkwe wangu anakwenda wapi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitoka nyumbani kwake, akasimama uani, akatazama minyaa, kisha akageuka akashika njia ya miamba. Siku iliyofuata vile vile. Kila alipopotea nyuma ya mawe nilihisi ile harufu, ingawa upepo ulikuwa unavuma kwingine. Kinyaa kilinipanda mpaka nikashindwa kula. Nilianza kumchukia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu alikuwa mtu mwema.

Mama mkwe ndiye aliyelitambua. Alikwenda kutazama choo kile, akatoka akiwa ameweka mikono kichwani.

"Nani amesiriba humu?"

"Mimi, mama."

"Sasa mzee akanyage mikono yako?"

Nilikaa chini. Mistari ya vidole vyangu ilikuwa imekauka pale sakafuni, mizuri, inaonekana wazi. Kwa sisi wa mjini ile ilikuwa sakafu tu. Kwake ilikuwa ni mimi niliyetandikwa chini.

Mume wangu alichukua jembe, akaibandua sakafu yote, akaitupa. Kisha akakoroga samadi, akapiga magoti, akasiriba mwenyewe. Kule kusiriba ni kazi ya wanawake. Mchunga ng'ombe mmoja alipita, akasimama kumtazama mvuvi mzima ana samadi hadi viwikoni.

"Shemeji," alimwita, "umeolewa lini?"

"Wiki hii," mume wangu alijibu bila kuinua kichwa. "Mahari walikula kina baba yako."

Sakafu yake ilikuwa mbaya, ina mabonde. Ilikauka. Mimi sikukaribia hata minyaa.

Kisha ikafika asubuhi ambayo nilitoka na ufagio, nikaliona jagi la kijani. Lilikuwa limekaa mlangoni mwa choo kile kipya, juu ya jiwe, limejaa maji. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake na binti yangu kati ya magoti yake, anamlisha kiazi. Nilipopita mbali, kama inavyopasa, aliongea na mtoto kwa sauti ya kutosha.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako kule juu kuna nyoka kweli. Babu hapandi tena."

Mtoto alinitazama, mdomo umejaa kiazi. Nikajibu kwa mtoto vile vile, nikamwambia amwambie babu nimesikia, na ninashukuru. Mzee aliitikia kwa kikohozi. Kama alijua kwamba nilipanda, hakuonyesha siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na alikaa nasi boma moja.

Nisingependa uondoke ukidhani yakawa matamu tena. Kiangazi kilipofika, mume wangu na vijana wa upande wa ule moshi walibandua mawe ya kisima, wakakausha duara, wakaingiza mitaimbo ndani ya ufa. Kilichotoka mle kilitoka kwa mabonge, cheusi, kinanuka vibaya kuliko kule juu, na ndani yake magunzi mengine yameoza yamekuwa kama nyama. Wanaume waliovua samaki tangu utoto walifunga mashati puani. Mmoja aliapa hatakula tena ugali wa boma letu, na kweli siku hiyo alikwenda kula kwao. Tulichemsha maji kila siku tangu wakati ule, ya mama mkwe pia, kwenye mtungi wake ule ule. Mtoto alianza kushika mwili. Kicheko cha kupiga magoti kilirudi, nami nilikaa chini nikalia nikiwa na mwiko mkononi.

Lakini kinyaa hakijaniacha. Sinunui mahindi ya kuchoma barabarani. Nikiona gunzi chini, mguu wangu unaruka wenyewe. Na ninajua kwamba kule kitongojini bado kuna mawe yenye wenyewe, na chini ya mawe yale kuna visima vingine, na kuna bibi harusi anayefagia choo chake kizuri akishangaa mtoto wake ana nini.

Kwa hiyo, kama kwenu kunaletwa mke, fanyeni hivi. Kabla hajafika, chimbeni vyoo viwili, vyote chini ya maji mnayokunywa, kila kimoja na njia yake. Na sakafu ya kile cha mzee, asiribe mwanawe.